Rijekti ni Mahindi, Si Mtu

Enzi zetu kule Kiminini, likizo ya Desemba haikuwa likizo. Mahindi yakishapukuchuliwa, mama alitandaza turubai uani, akatuketisha watoto wanne kulizunguka, tukachambua mpaka mgongo ukauma. Punje nzuri kulia. Iliyooza, iliyovunjika au yenye kuvu kushoto. Vumbi liliwasha shingo, na harufu ya githeri ilitutesa kutoka jikoni, maana hakuna aliyekula kabla ya kumaliza.

Upande wa kushoto uliitwa rijekti. Neno hilo mama alilitoa Kitale, kwenye ghala la nafaka, ambako karani alidunga gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea punje, akazitazama kiganjani na kusema, "Hii ni rijekti, mama. Rudisha." Pikapu ikarudi na magunia yetu yote, mchana kweupe, majirani wakiona. Mama hakulisahau neno lile.

Tangu siku hiyo alitia punje na chumvi kavu kwenye chupa ya soda, akaitikisa; chumvi ikishika kioo kwa unyevu, mahindi yalirudi juani. Kisha aliuma punje moja kwa jino la nyuma, akanyamaza kidogo akisikiliza kama imelia kavu. Nilidhani kila mama duniani husikiliza mahindi.

Neno likaenea nyumba nzima. Ua uliofagiwa nusu: rijekti, rudia. Kola ya shati isiyotakata: rijekti, rudia. Hata sala ya chakula niliyoikimbiza ilirudishwa, na githeri ikapoa nikiomba upya. Tulimwona mkali kupita kiasi, na kwa kweli alikuwa mkali.

Lakini nilipoanguka mtihani wa darasa la saba, senge, yaani dada yake baba, alinitazama mbele ya wageni akasema, "Huyu naye ni rijekti." Mama aliweka ungo chini.

"Rijekti ni mahindi, mulamwa," alimwambia wifi yake. "Mtoto anarudia tu."

Nikarudia darasa. Leo mimi ni karani wa serikali mjini Bungoma, na kama kuna jambo nililolishika maishani ni hilo la mama siku ile.

Sasa mama amebaki peke yake kule nyumbani na macho yake yameingia ukungu. Kila mavuno bado ananitumia gunia moja alilolichambua mwenyewe, na kila mwaka rijekti inazidi kuhamia upande wa kulia. La mwaka huu nilipolifungua, harufu ya kuvu ilinipiga puani. Nikimwambia, ataacha kuchambua, na namjua, akiacha kazi hiyo atakaa tu kwenye kiti akingoja siku ziishe. Nikinyamaza na kusaga hivyo hivyo, nitawalisha watoto wangu sumu. Basi leo Jumamosi nimetandaza turubai sebuleni, miguu imevimba kwa kazi ya wiki nzima, nachambua upya alichochambua mama. Hii ni mara ya tatu kufanya hivi na sijawahi kumwambia.

Watoto wangu wamejaa kwenye kochi. Kwao kitu kikiharibika hakirudiwi. Kinatupwa, kingine kinaagizwa kwa kidole gumba.

"Mathe, si tununue tu unga ya pakiti?" binti yangu anasema bila kuinua uso kwenye simu. "Hii ya kukhu imechapa, bana."

Kukhu ni bibi yake, na mahindi ya bibi yake ndiyo yaliyonisomesha. Zamani ningemgombeza mpaka ashuke kochini. Leo nimechoka hata kugombeza. Sisi tulikuwa wanne kuzunguka turubai, tukisukumana na kucheka mama asituone. Leo niko mmoja, turubai ni kubwa na hakuna harufu ya kitu jikoni.

Simu yangu inalia. Ni mama.

"Mahindi yangu umeona aje?"

"Iko mzuri sana, mama. Sijaona rijekti hata moja."

Ananyamaza kidogo, vile alivyokuwa akinyamaza na punje kati ya meno.

"Hata hiyo uongo yako ni rijekti," anasema. "Rudia."