Mpaka Alioung'oa Mama

Kabla hatujapata kiwanja, tulikuwa na nyumba ya majivu. Jioni nilichota majivu jikoni nikachora vyumba vitatu vya kupangisha kwenye ua wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kila kimoja na mlango wake. Mama alipopita kwenda kumwaga maji hakukanyaga ukuta hata siku moja. Aliingia mlangoni, akatokea mlangoni. Nilimcheka, ingawa mimi mwenyewe nilikaa humo mpaka kiza kikaingia, nikiwawaza wapangaji wangu: muuguzi, mwalimu, na mtu mmoja mkimya mwenye redio. Nilikwisha kujua hata nani atanisumbua.

Akiba yenyewe ilitoka kwenye likelemba, chama chetu sisi wanawake tunaouza vitenge sokoni Base Camp, hapo hapo kambini: kila mwezi mmoja anabeba michango ya wote. Ardhi ya kambini ni ya serikali, haiuzwi, kwa hiyo zamu yangu ilipofika nilikwenda kutafuta kiwanja mjini Mbarara. Huko Kakiika mzee mmoja mfugaji alikubali kunikodisha kipande cha shamba lake kwa miaka arobaini na tisa. Tulitia saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kila nilichowahi kujinyima kikabaki pale nyasini.

Asubuhi ya kwanza nilimpeleka mama. Ukungu ulikuwa umelala migombani, na ng'ombe wa yule mzee walionekana pembe tu, zikielea polepole. Nilimwacha mama anafyeka, nikaenda barabarani kuulizia matofali. Nilikawia. Nilitembea nikichagua rangi za milango.

Niliporudi, kiwanja kilikuwa kinang'aa. Mama amekaa chini, anafuta jasho, na mbele yake moto mdogo unafuka.

"Nimengoa ile majani ya ku pembe zote," akasema kwa furaha. "Ni majani ya makaburi. Batu batalala namna gani juu ya batu benye balikufa? Nimeomba, nimechoma."

Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, kwenye kilima chetu, mmea ule wa majani marefu membamba hupandwa juu ya kaburi. Huku hupandwa kuonyesha mpaka. Na mkataba wangu ulisema hivyo hivyo: kutoka mmea hadi mmea. Hata mashimo mama alikuwa ameyafukia, maana ni mwanamke nadhifu. Maji yalinifika shingoni. Nilimfokea mama yangu, Mungu anisamehe, nikamfokea mbele ya ng'ombe.

Mwenyekiti alisaini bila kufika shambani; aliyejua hasa pembe zilikuwa wapi ni mzee peke yake, na kama angetaka kunirudishia nusu tu, ningemshtaki kwa ushahidi gani? Nilimwita. Alikuja na fimbo yake, akautazama moto, akatutazama sisi.

"Nani ametoa mupaka?"

"Ni miye, muzee," mama akasema, akamweleza habari ya makaburi bila kuficha kitu.

Mzee akaielekea pembe ya kwanza. Alitembea taratibu sana, akasimama, akachoma fimbo ardhini. Ikazama. Udongo laini, shimo lenyewe. Akafanya vile mara nne, wala hakunipunja hata unyayo. Kisha akakata vipande vya mmea kwenye ua wake, akampa mama.

"Yeye ametoa, yeye anarudisha."

Nilimsubiri mama akatae. Alivishika tu, akauliza, "Hii inaishi myaka ngapi?"

"Hii hapana kufa. Mutoto ya mutoto yako ataikuta."

Tangu tukimbie, mama hakuwahi kupanda kitu kisichovunwa ndani ya miezi michache. Maharagwe, mahindi, mchicha. Mwaka mmoja nilimletea mche wa parachichi akanirudishia: nani atakula, na sisi tunarudi kwetu? Sasa alikuwa amepiga magoti, anashindilia udongo kwa kiganja.

"Kama ni ya makaburi," akasema bila kunitazama, "basi moja ni yangu. Batu bapange nyumba. Miye uniachie fasi ya hapa pembeni."

Mimi nilikuwa nimetaka akiba tu. Sikujua kwamba nilikuwa ninamwomba mama aache kurudi nyumbani. Nilipiga magoti kando yake nikalia wazi wazi, mzee akiona, ng'ombe wakiona.

"Shika muzuri," mama akaniambia, akinisogezea mche. "Isilale."