Injekta Kubwa, Gari Zee

Mwaka ule nchi yetu ilipowekewa vikwazo vya biashara, gari langu lilianza kukohoa. Lilikuwa gari zee la dizeli, refu nyuma, nililolitumia kubeba mihogo na mahindi kutoka Ruziba hadi dukani kwangu mtaani Bwiza. Barabara ile ni tambarare, sikuwa na haja ya zaidi. Lakini sasa asubuhi liligoma kuwaka, na likiwaka lilitetemeka mlango kwa mlango. Fundi wangu, Mkongomani aliyekimbia vita vya kwao akafungua gereji nyuma ya duka langu, alizichomoa injekta zote nne akanionyesha. Hizo ndizo zinazorusha dizeli ndani ya injini, nyembamba kama umande. Zangu zilidondosha kama bomba bovu. Zimekufa, akasema, tubadilishe zote.

Siku hizohizo nikaletewa habari kwamba mama yangu ameanguka uani kwake huko milimani na kuvunjika nyonga. Zahanati ya kule haikuwa na cha kumfanyia zaidi ya dawa za maumivu, nazo zilikuwa zinakwisha. Ilibidi aletwe hospitali kubwa ya Kamenge. Nilitafuta dereva wa kukodi. Kila niliyemwomba alikumbuka ghafla kwamba breki zake mbovu. Basi, nikasema, nitakwenda mwenyewe, na wanaume wa Bwiza wabaki na breki zao.

Kupanda milima wakati ule, kwa hofu ya wenye bunduki waliovizia barabarani, hakuna aliyekwenda peke yake. Magari yalikusanyika asubuhi kwenye kizuizi cha mwisho wa mji, askari wakatangulia, msafara ukaondoka pamoja. Aliyeharibikiwa njiani hangojwi. Tulijua kilichowapata waliobaki nyuma, na hata leo sipendi kukisimulia. Ndiyo maana wenye magari mjini walikuwa na ugonjwa mmoja: kila aliyebadilisha injekta alitaka kubwa kuliko za mwanzo, zilizotolewa kwenye injini ya lori, ili gari lake zee lipande bila kuhema na likae mbele, karibu na askari.

Fundi alikuwa na za aina zote mbili, saizi ileile ya zamani na zile za lori. Nilimuuliza angechagua zipi. Naye siku hiyo aliniambia kubwa, kesho yake akaniambia ndogo, keshokutwa akaniambia niombe Mungu. Damu ikanichemka. Nilimwambia mama yangu amelala kitandani hawezi hata kugeuka, sina muda wa mtu anayebadilika kama hali ya hewa. Hapo ndipo alipofuta mikono na kusema wazi.

“Mama, na zile kubwa utapata nguvu, sikukatalii. Lakini pompe ni ile ya zamani, na moteri imechoka. Itakula mazutu, itatoa moshi, itapata moto. Ndogo, utapanda polepole.” Pompe kwake ni pampu, moteri ni injini, mazutu ni dizeli.

Polepole. Neno hilo ndilo lililoniamulia. Nilijiona nimebaki kwenye kona, msafara umepotea mbele, na mama yangu anangoja mtu ambaye hatafika. Nikamwambia afunge kubwa.

Alfajiri ya safari nilifika kizuizini mapema nikapanga gari karibu kabisa na lori la askari. Nilijisikia mjanja. Injini ilinguruma kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Kisha askari mmoja akaja akikohoa, akaangalia nyuma ya gari langu. Moshi ulikuwa mweusi tii, umefunika magari matatu. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba madereva walio nyuma yangu hawataona njia, na kwamba magari ya moshi hukaa mkiani. Nilibisha, nikataja mama yangu, nikataja hospitali. Hakupandisha hata sauti. Nikageuza gari mbele ya macho ya watu wote, nikaenda kusimama nyuma ya basi la mwisho. Niliyoyakimbia ndiyo yaliyonipata.

Tulipanda. Nguvu ilikuwapo kweli, fundi hakudanganya. Lakini sindano ya joto nayo ilipanda. Nikikanyaga mafuta, inasogea kwenye alama nyekundu. Nikiachia, basi linaanza kuwa dogo mbele yangu. Nyuma hapakuwa na mtu, moshi wangu tu. Nilizungumza na gari lile kama na mtoto mkaidi, nikalitukana, nikaliomba radhi. Lilifika juu likichemka.

Tulirudi na msafara wa alasiri, mkiani tena, maana askari walikwisha kunijua. Viti vya nyuma nilivilaza, majirani wakamweka mama juu ya godoro. Alikuwa amekonda, lakini macho yake makali yaleyale ya enzi alipouza samaki soko la Bwiza. Mteremko ulipoanza, kila shimo lilimtoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nikapunguza mwendo. Basi likakata kona, likapotea. Nikawa peke yangu barabarani, na mama akatambua.

“We, fata benzako,” alisema, akimaanisha wenzangu wa msafara. “Angalia njia. Mi sitalia.”

Nikakanyaga. Kushuka hakuhitaji nguvu ya injini yoyote; kulihitaji moyo wa kumrusha mama yako kwenye mashimo, na huo sikuuziwa gereji. Na kweli hakulia tena. Mwanzo nilishukuru. Halafu kimya kile kikaanza kunitisha kuliko kelele. Sikuweza kugeuka, kona zilifuatana na basi lilikimbia kama linafukuzwa. Nilimwita, hakuitika. Nikamwita tena, nikasikia mlio wa matairi tu. Nikaanza kuamini kwamba nabeba maiti, na bado nikakanyaga, machozi yananitiririka, maana hata maiti ya mama yangu sikutaka ibaki pale.

Mlangoni pa hospitali Kamenge niliruka nikafungua nyuma. Alikuwa amejaza pindo la kitenge mdomoni, ameliuma hadi damu, macho wazi, ananitazama. Hai. Muuguzi alimchomoa kitambaa kile taratibu, kwa sababu taya lilikuwa limekaza.

Nami badala ya kumshukuru Mungu nikamfokea, mbele za watu, mama mzee aliyevunjika mfupa. Nilimwambia angelia, hata mara moja, nijue yuko hai.

Alilamba midomo kwanza.

“Ningelia,” alisema, “ungesimama.”