Theluji Iliyotiwa Chumvi

Mume wangu hakuwa amelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo jepesi kulikanusha: Evaristo Riffo hakuonja hata chicha ya tufaha aliyotengeneza mama yake mwenyewe, kwani tumbo lilimkataza pombe tangu alipokuwa jeshini. Wala hakuufunga mlima ili kumtenga binti yetu na kijana yeyote. Kijitabu cha miaka hamsini ya kituo cha skii cha Trolhue, kilichogawiwa mlangoni mwa kanisa mwezi uliopita, kinasema kwenye ukurasa wa thelathini na moja kwamba mwaka wa tisini na saba mteremko wa bendera haukufanyika "kwa sababu za kifamilia za mlinzi wa mlima". Aliyeandika maneno hayo nilimfundisha kusoma. Nilimfundisha pia kuuliza kabla ya kuandika, ila naona somo hilo lilimpita.

Basi nitaeleza mimi.

Evaristo alizaliwa Trolhue wakati huko juu hapakuwa na lifti ya viti wala hoteli, ila mbuzi na miti ya araukaria. Wageni wa kwanza walipokuja na mbao zao miguuni walimkodi awabebee mizigo, naye akajifunza kuteleza kwa kuwatazama. Nilipoolewa naye alikuwa tayari mlinzi wa mlima. Kazi yake ilikuwa kufungua miteremko na kuifunga, na kuwashusha waliovunjika miguu. Kati ya Juni na Agosti, majira yetu ya baridi, alikuwa mtu mtulivu kuliko wote niliowahi kuwajua. Alikula, alilala, alikoroma. Septemba ikiingia na theluji ikianza kuyeyuka, nilikuwa naishi na mtu mwingine.

Theluji ya Julai ukiijua asubuhi, unaijua mpaka jioni. Ya Septemba haikai na neno moja. Saa mbili asubuhi ni kioo, ukianguka unachubuka uso. Saa nne imelainika juu, chembechembe kama sukari, na hapo watu wanatoka mjini Temuco kwa ajili ya muda huo mfupi tu, maana hakuna utelezi mtamu kuliko ule katika mwaka mzima. Saa saba mchana ni uji unaofika magotini. Yote hayo yanategemea usiku. Mbingu zikiwa wazi, theluji inaganda na siku inaanza upya. Mawingu yakitanda, au puelche ukivuma, ule upepo wa joto unaoshuka kutoka mashariki, theluji haigandi, nayo siku inaanzia pale ilipoachwa jana, pabaya zaidi.

Kwa hiyo mwezi mzima Evaristo alikuwa na sikio moja kwenye ukingo wa paa. Ukidondosha maji, hakulala. Alfajiri, kabla ya kahawa, alikuwa nje akikanyaga theluji kwa kisigino, kisha akizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha akinusa vidole. Nilimuuliza mara nyingi alikuwa ananusa nini. Alivifuta kwenye suruali akaingia ndani.

"Kaa basi ule," nilikuwa namwambia.

"Nimekaa," alinijibu, amesimama dirishani na kipande cha mkate mkononi.

Sasa, huo mteremko wa bendera. Kila tarehe kumi na nane ya Septemba, sikukuu ya taifa, baada ya misa, kijana mmoja wa kijiji huchaguliwa kutangulia na bendera kubwa. Nyuma yake hufuata kijiji kizima, wengine wamevaa poncho, wengine wakiwa na skii za mbao za babu zao, na Tulio muuza nyama akiwa na kodiani kifuani. Wanashuka katika mteremko tunaouita Aproni, mpana na mkali, mpaka kwenye uwanja wa chini ambako vibanda vya empanada na nyama choma vimepangwa chini ya mlima. Kijiji kilingoja siku hiyo kuliko Krismasi. Mwaka huo aliyechaguliwa alikuwa binti yetu, Nélida. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa wiki mbili alifanya mazoezi na shuka langu la kitanda likiwa limefungwa kwenye mpini wa ufagio. Pindo la bendera nililishona mimi.

Theluji ilikuwa nyingi mno mwaka huo. Ilianguka Julai nzima, ukafuata ukame na baridi kali Agosti, uso wa theluji ukawa barafu tupu, kisha ikaanguka nyingine juu ya ile barafu. Tarehe kumi na sita puelche ukaanza. Tarehe kumi na saba paa zote za Trolhue zilikuwa zinadondosha maji kana kwamba mvua inanyesha, na Evaristo alizunguka meza ya jikoni mpaka nikamwambia atatoboa sakafu.

Meneja wa kituo, don Wenceslao Aldunce, alimwita ofisini jioni hiyo akamwagiza atie chumvi. Ni chumvi ile ya mawe tunayowalambisha ng'ombe. Ukiimwaga juu ya theluji iliyolowa, sehemu ya juu inakaza kwa saa chache. Ndivyo wanavyofanya siku za mashindano. Evaristo alimwambia kwamba chumvi inakaza kiasi cha kiganja tu. Don Wenceslao alisema kiganja kinatosha, watu wanateleza juu ya theluji, hawatelezi ndani yake.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asikilize vizuri. Mume wangu aliimwaga. Yeye mwenyewe, pamoja na wanaume wawili, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, magunia kwa magunia, tangu chini mpaka juu. Hakukataa. Alikuwa mtu wa kazi, ameagizwa. Saa tatu Aproni ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa.

Lakini wale wanaume wawili waliposhuka kunywa chai, yeye alibaki juu. Alichukua beleshi akachimba. Chini ya kile kiganja kigumu alikuta theluji iliyolowa chepechepe mpaka kiunoni, na chini yake, juu ya ile barafu ya Agosti, maji yalikuwa yanatembea. Aliniambia alisikia sauti yake kabla hajayaona. Mteremko wote ulikuwa umelala juu ya maji, na uzito wa kijiji kizima ungeweza kuuporomosha. Akashuka, akasimamisha lifti, akafunga kamba nyekundu chini ya Aproni.

Misa ilikuwa imekwisha. Uwanja ulijaa watu, mimi nikiwa miongoni mwao. Wa kwanza kumfuata alikuwa Rosalba Ñancupil, ambaye kibanda chake kilikuwa cha kwanza kabisa, chini ya mteremko.

"Don Evaristo, nimekaanga empanada tangu jana," alisema. "Wasiposhuka watu na njaa zao, nimlishe nani? Tai?"

Evaristo alimjibu kwa upole kwamba ahamishe na kibanda. Rosalba alicheka, akidhani ni mzaha.

Kisha akaja don Wenceslao. Hakubishana. Aliivuka kamba, akaruka juu ya theluji mara tatu na mabuti yake, na kila mara ikalia kama mbao.

"Hii ni theluji au ni saruji?" aliuliza, si kwa Evaristo bali kwa watu.

"Ni chumvi," Evaristo akasema. "Niliimwaga mwenyewe."

"Basi. Uliyeikaza ni wewe, na anayesema ni laini ni wewe. Tumwamini yupi?"

Watu walicheka. Tulio, ambaye ni kompadre wetu kwa kuwa alimsimamia Nélida ubatizo, alibonyeza kodiani yake ikatoa mlio wa mbuzi. "Mwacheni kompadre wangu," alisema. "Anaogopa bendera itashikwa na mafua."

Evaristo hakuwa msemaji. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno nyumbani kwetu, na siku hiyo, Mungu anisamehe, sikuyatoa. Alisema tu, "Njooni juu muone shimo." Kupanda kwa miguu, na lifti imesimama, ni dakika arobaini. Hakuna aliyekwenda. Mmoja baada ya mwingine waliivuka kamba hatua mbili, wakakanyaga kwa kisigino, wakatikisa kichwa. Siwalaumu sana kwa hilo. Mtoto wa Trolhue anajifunza kupima theluji kwa kisigino kabla hajajifunza kuendesha baiskeli, na kisigino hakimdanganyi karibu mwaka mzima. Siku hiyo kilikuwa kinakanyaga chumvi ya ng'ombe, na kila mtu alijua hivyo, na bado kila mtu alikiamini.

Nélida alisimama katikati yao akiwa ameshika bendera. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Baba, unaniaibisha," alisema, na si kwa sauti ndogo.

"Twende," alimwambia.

"Wapi?"

"Juu. Ukiona shimo na bado unataka kushuka, utashuka."

Wakaenda. Nilikaa uwanjani na gauni langu la sikukuu, nikijifanya naongea na mke wa daktari, macho yangu yakiwa mlimani. Walipanda pembeni, kando ya araukaria, nukta mbili, moja mbele ya nyingine. Niliwaona wakisimama kwenye shimo. Niliona Evaristo akimpa Nélida beleshi. Hakumchimbia. Nélida alisogea hatua thelathini, akachimba la kwake, akainama ndani yake kwa muda mrefu. Kodiani ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mke wa daktari aliniuliza kama najisikia vizuri.

Waliporudi, Nélida alikuwa analia. Skii zake zilikuwa begani na alikuwa ametembea njia nzima kwa miguu, ndani ya miti, bila kuukanyaga mteremko. Alikwenda moja kwa moja kwa Tulio, akamwekea bendera juu ya kodiani yake. "Hatushuki," alisema. Bila mshika bendera hakuna mteremko. Ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo, na hata don Wenceslao hakuthubutu kumteua mwingine mbele ya msichana anayelia.

Hivyo ndivyo umbeya ulivyozaliwa. Watu walimwona baba kimya na binti ana machozi, nao wakaimalizia hadithi kwa njia waliyoipenda. Wakamwingiza humo mpwa wa don Wenceslao, kijana aliyekuja likizo, kwa kuwa usiku uliotangulia alicheza cueca mbili na Nélida. Nilikuwepo. Cueca huchezwa kwa leso, hata mikono haigusani. Na pombe wakaiongeza baadaye, nadhani kwa sababu hadithi ilionekana nyepesi.

Mchana ule wote jua liliipiga Aproni. Ilimetameta kwa chumvi, wala haikusogea hata kidole. Rosalba aligawa empanada zake kwa mbwa, hadharani, moja moja. Na mimi, mwalimu, mtu wa kanisa, nilisimama nyuma ya dirisha nikimwomba Mungu mlima uporomoke, uporomoke mbele ya macho yao wote sasa hivi. Haukuporomoka.

Tarehe ishirini mvua ilinyesha. Asubuhi ya ishirini na moja Aproni ilikuwa imelala uwanjani, madonge makubwa kama majiko ya kuni, juu ya pale palipokuwa na vibanda, hasa pale pa Rosalba. Hapakuwa na mtu. Wachache walikuja nyumbani kumshika Evaristo mkono. Wengi zaidi walisema mvua ni mvua, na kwamba tarehe kumi na nane mteremko ungeshika, usingeporomoka. Siwezi kuthibitisha kwamba usingeshika. Hata yeye hakuweza. Aliniambia mara moja tu, akiwa amenipa mgongo: "Labda ungeshika, Hermosina." Mtu asiyejivuna husema hivyo. Nilipowasimulia majirani maneno hayo, nikidhani yatamletea heshima, waliyachukua kama ungamo. Hilo lilikuwa kosa langu, nalitaja ili ijulikane ni langu.

Msimu uliofuata hakuitwa kazini. Hakuna aliyemfukuza, ni barua tu iliyozoea kuja mwezi wa Mei ambayo haikuja. Alitengeneza misumeno ya mashine na majiko ya watu, akafanya vizuri. Lakini kwa miaka kumi na tano, kila Septemba, alitoka alfajiri mpaka kwenye ukingo wa barabara, ambako hakuna anayeteleza na hakuna cha kuanguka, akakanyaga kwa kisigino, kisha akachimba chini kwa mkono. Aliwaona madereva wakimcheka. Alirudi, akanywa kahawa akiwa amesimama. Nilikwisha acha kumwambia akae.

Alikufa Julai iliyopita, kwa mapafu, kitandani mwake. Tulio alibeba jeneza upande wa kushoto na alilia kuliko sisi wa nyumbani. Ninalitaja kwa haki yake.

Kinachobaki ni lile swali wanaloniuliza, wengine kwa upole, wengine kwa kuzungukazunguka: walizungumza nini, baba na binti, pale shimoni? Na kwa nini Nélida aliondoka Machi iliyofuata kwenda Punta Arenas, mbali kusini, akawa muuguzi, akaolewa huko, na hajarudi Trolhue sikukuu hata moja? Hawakugombana. Kila Jumapili alimpigia baba yake simu, mpaka Jumapili ya mwisho. Maneno ya shimoni nayajua. Evaristo aliniambia, na miaka mingi baadaye Nélida aliniambia, na hayakupishana hata kwa neno. Ni yao, na sasa ni yangu na yake. Sitayaandika hapa, wala sitamwambia mtu sokoni wala kanisani. Msiniulize tena.