Karatasi ya Stoo

Stoo hakuketi mahali kabla ya kupitisha karatasi. Alichomoa kikaratasi mfukoni, akakisukuma chini ya mguu wa meza kuona kama umegusa sakafu sawasawa. Akifunga dirisha, alikibana kati ya ubao na fremu, kisha akakivuta taratibu. Hata kikombe cha chai alikiwekea karatasi chini, na siku zote maandishi yalitazama juu. Miaka thelathini na moja ya kutunza stoo ya vipuri ilimwachia tabia hiyo. "Karatasi iliyolala kifudifudi," alipenda kusema, "inaficha kitu."

Mkewe alikuwa muuguzi, naye mtaa mzima ulimwita Sista hata baada ya kustaafu. Alimcheka mumewe kwa hiyo karatasi tangu wiki ya harusi. Jina la Stoo ni yeye aliyempa, mbele ya wageni, akimaanisha chumba cha kutupia vitu visivyo na kazi. Watu walidhani ni kwa sababu ya ajira yake, wakalishika. Sista hakuwasahihisha.

Kisha kiharusi kikamwangusha Sista. Upande wa kulia ukawa kama mzigo wa mtu mwingine aliopewa aubebe. Alibaki na mkono wa kushoto na ulimi, na ulimi haukupungua makali hata chembe. Wifi yake, mdogo wake Stoo, alihamia kwao ili amlishe. Kijiko, kitambaa. Kijiko, kitambaa. Sista, aliyelisha wagonjwa maisha yake yote, alimeza kila tonge kama tusi.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo, Stoo aliingia na boksi. Ndani yake mlikuwa na vyuma vyembamba, mikanda ya mpira, mota moja ndogo na skrubu zisizohesabika. Alivitandaza kwenye meza ya chumba cha nyuma na siku nne akawa amejiinamia juu yake.

"Ndiyo nini hiyo?" Sista aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mashine ya kuchonga mbao. Unachora kwenye kompyuta, yenyewe inachonga."

"Na wewe kazi yako itakuwa nini?"

"Kuipimia."

"Wifi! Njoo umwone kaka yako. Kajinunulia cherehani isiyoshona."

Wiki ya kwanza Stoo alivunja visu vitatu. Cha kwanza alikiendesha haraka mno mpaka ubao ukafuka moshi. Cha pili kiligonga chuma kilichoshikilia mbao, kwa mlio wa jino lililokutana na kokoto. Cha tatu hakujua kilivunjikaje. Kitu cha kwanza kilichotoka kizima kilikuwa kisahani cha kuwekea glasi, lakini mkanda mmoja ulikuwa umelegea, na duara likatoka na umbo la yai. Sista aliagiza kiwekwe dirishani. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. "Hilo ni duara," alisema. "Mwenyewe ndivyo anavyosema."

Stoo alicheka pamoja nao, akarudi mezani. Mwanzoni Sista alidhani atachoka. Badala yake, asubuhi moja alimjia mbio, kikaratasi kikipepea mkononi.

"Sista, hata mashine inataka karatasi!"

Akamweleza huku anahema. Mashine ni kipofu. Haijui uso wa ubao unaanzia wapi mpaka uiambie. Unaweka karatasi juu ya ubao, unateremsha kisu kidogo kidogo huku unaivuta. Ikishikwa, unabonyeza kitufe: hapa ndipo sifuri. "Miaka yote ulikuwa unanicheka, kumbe nilikuwa najifunza hii kazi!"

Akaondoka anapiga mluzi. Sista aliusikiliza mluzi ule unavyopotelea chumba cha nyuma. Miaka thelathini na minane ya ndoa, hakuwahi kuusikia. Mtu huyu alianza kupiga mluzi yeye Sista aliposhindwa kusimama bila fimbo.

Siku chache baadaye alimsikia akimnong'oneza dada yake jikoni. Alikuwa anamtengenezea mkewe ubao wa kulia: shimo la kutuliza kikombe, ukingo wa kusukumia chakula kijiko kikipita, misumari miwili ya kushikilia mkate aweze kuukata kwa mkono mmoja. Angeuchonga kutoka kwenye ubao wa kitanda cha marehemu mama yao, mti mgumu, wa pekee uliobaki.

"Atakula mwenyewe," alisema. "Hatajimwagia tena."

Katika maneno yote hayo, yaliyomkaa Sista moyoni ni hayo mawili ya mwisho.

Siku yenyewe, wifi alikuwa sokoni. Stoo alikaza ubao mezani, akateremsha kisu, akavuta karatasi mpaka ikashikwa, akabonyeza sifuri. Akaiacha karatasi pale, imebanwa na ncha ya kisu, akaenda dukani kununua barakoa kwa sababu vumbi la mti ule lilimkaba.

Sista alichukua fimbo yake, akajikokota hadi kwenye mashine. Alikuwa ameketi akikitazama chumba kile kupitia mlangoni majuma mengi akimkejeli, na macho ya muuguzi hayasahau vitufe. Alikipandisha kisu. Akakipeleka pembeni, nje ya ubao. Akakishusha hadi kikagusa meza yenyewe, na hapo akabonyeza sifuri; sasa mashine ingeamini uso wa ubao uko huko chini. Kisha akakirudisha juu ya ubao, akatelezesha karatasi chini ya ncha yake, na kukishusha mpaka kikaibana. Alirudi kwenye kiti jasho likimtiririka.

Stoo aliporudi aliinama juu ya meza, akakaa hivyo kitambo. Akageuka, akamtazama mkewe kupitia mlangoni. Kisha akaichomoa karatasi na kuitia mfukoni.

"Nianze, Sista?"

"Unaniuliza mimi? Anza."

Kisu kilipanda kidogo, halafu kikashuka kama kilichotupwa. Ubao ulilia, ukapasuka kufuata nyuzi zake kutoka ncha hadi ncha. Kipande cha kisu kiliruka na kumchana Stoo chini ya jicho.

"Kaka, si ulipima?" wifi aliuliza aliporudi, akimfuta damu.

"Nilisahau."

"Nilijua tu," alisema Sista. "Kichwa kimeanza kuvuja. Si juzi aliacha gesi wazi?"

Hakuna gesi iliyoachwa wazi juzi. Stoo aliinama kuokota vipande vya ubao.

Mtoto wao wa kiume alifika Jumamosi. Alimwambia, "Baba, si salama," akachukua funguo za gari, na za nyumba pia. Mashine ikafunikwa shuka, ikasukumwa uvunguni. Daktari alimwagiza Stoo achore saa. Aliivuta kalamu taratibu mno kwa hofu ya kukosea, na duara likatoka na umbo la yai. Sista alikuwepo. Neno moja lingetosha. Alijiambia kesho, na kesho yake akajiambia hivyo hivyo, mpaka watu wakazoea kuzungumza juu ya Stoo mbele yake kana kwamba hayupo. Mluzi haukusikika tena. Kijiko, kitambaa.

Mwaka haukuisha, kifua kikamlaza Stoo hospitali. Wifi alimsukuma Sista kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani, kisha akatoka kutafuta maji. Stoo alikuwa amekonda mpaka mikono imebaki mishipa, lakini alichomoa kikaratasi chini ya mto na kukisukuma chini ya kikombe, maandishi juu.

"Bado tu na makaratasi yako?" alisema Sista.

Stoo alimtazama. Sista alitafuta hasira katika macho yale, hakuiona.

"Siku ile karatasi niliikuta maandishi chini," alisema Stoo. "Nikabonyeza tu, bila kupima tena. Nilidhani umenisaidia."