Mkanda Ulioshonewa Ndani

Fundi huyu wa makava ya viti vya magari, watu walimwita Mzee Kubana, na jina hilo alilipenda. Kava lake lilikaa juu ya kiti bila kunyanzi hata moja. Hakuwa na kibao mlangoni. Chema chajiuza, alisema, na sifa zikampanda kichwani.

Mafundi wengine waliacha matundu ya kutokezea vifungio vya mikanda. Yeye, kwenye kiti cha nyuma, hakuacha. Matundu yanaharibu umbo, na isitoshe, nani hufunga mkanda nyuma? Alivizamisha vifungio chini, akavuta kitambaa, akashona. Ndivyo alivyolivisha gari la mkwewe, mume wa binti yake, zawadi ya baba mkwe.

Sasa alisimama wodini, kofia mkononi. Mjukuu wake wa miaka mitano amelala, mkono umefungwa plasta. Asubuhi mkwe alikuwa akiendesha, gari la mbele likasimama ghafla, wakaligonga. Wazazi walikuwa wamefunga mikanda, na mifuko ya hewa ikawapokea. Walitoka na vumbi jeupe la mifuko hiyo tu kwenye nguo. Mtoto alirushwa kutoka nyuma, akajigonga kwenye kiti cha baba yake. Kiti chake kidogo cha usalama kilikuwa kwenye buti, maana hapakuwa na mkanda wa kukishikilia.

Mke wa fundi alikuwa anamchambua mkwe kama karanga.

"Mwanamume mzima, unajifunga mwenyewe, mtoto unamwacha kama gunia? Nami nilidhani nimempa binti yangu mtu mwenye akili."

"Nimekosa, mama," mkwe alisema. "Mnisamehe."

Mzee Kubana akatazama viatu vyake. Angenyamaza, yangeishia hapo. Mkewe angesema mpaka achoke, na nani angekwenda kufumua kava? Aibu ilimchoma masikio: aibu ya alichofanya, na kubwa zaidi, aibu ya kuwa bado anapima aseme au asiseme.

"Mwache kijana," alisema mwishowe. "Kifungio kipo, chini ya kava. Mimi ndiye niliyekishonea ndani."

Mkwe hakushtuka.

"Nilijua, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikipapasa siku ile ile uliponirudishia gari. Hata wembe nilishika."

"Sasa mbona hukukata?"

"Ningeikataje kazi ya mkono wako? Ungekuja nyumbani ukute nimeichana zawadi yako. Niliona nitakuvunjia heshima."

Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku ya posa alikuwa akiidai heshima hiyo kwa kijana huyu, kwa kununa, kwa vijembe, kwa kungoja aamkiwe kwanza. Kumbe alikuwa amepewa yote, hadi ikamuumiza mtoto.

"Mwanangu," alisema. "Siku nyingine, kata."

"Ndiyo, baba," mkwe akaitikia, macho chini, kana kwamba mkosaji bado ni yeye.