Mke Mwenza wa Bondeni

Kiwandani walimwita Mama Sabuni, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuosha matangi ya mvinyo, na jina hilo halikumkera. Kilichomkera ni matete.

Yalikuwa bondeni nyuma ya kiwanda, yamepandwa kwenye vitalu vya kokoto. Maji yote yaliyooshea matangi, mazito kwa sukari na makapi ya zabibu, yalituama kwanza shimoni, kisha yakapenya polepole kwenye mizizi na kutokea upande wa pili yakiwa safi ya kumwagilia mizabibu. Mtunzaji wa matete alikuwa mumewe, na hapo ndipo penye kisa.

Zamani mume naye alikuwa mwosha matangi. Walijuana humo humo ndani ya tangi, mmoja na brashi, mwingine na mpira wa maji, wakipokezana wimbo, maana sauti ndani ya tangi huvuma hata asiyejua kuimba akajiona bingwa. Wakaoana, wakazaa, wakaendelea kuimba. Kisha meneja akamhamishia mume bondeni, na nyumba ikapata mgeni asiyeaga.

"Leo yametoa machipukizi," mume alikuwa akisema kabla hajavua viatu. Mama Sabuni alisuka nywele, akajipara, mume asione. Lakini jani moja la tete likiota doa, bwana huyo usingizi hauji. Waosha matangi wenzake wakapata la kumchokoza Mama Sabuni: "Mke mwenzio huko bondeni hajambo?" Alicheka nao.

Siku moja alimuuliza mumewe, "Mimi nikinyauka, utajua?"

"Wewe hunyauki, mama watoto," mume akajibu akitafuna. "Nani amewahi kuona sabuni ikinyauka?"

Alidhani amefanya utani. Mkewe alitoa vyombo mezani, hata sahani ya mume ambayo haijaisha.

Sasa, matangi yakishika ukoko huoshwa kwa magadi makali, na maji hayo yakifika kwenye matete huunguza mizizi. Kwa hiyo palikuwa na desturi yao. Mama Sabuni, kabla ya kufungua maji ya magadi, aligonga bomba kwa spana mara tatu. Mlio uliteremka na bomba hadi bondeni, mume akageuza koki ili maji yaende tangi la kando yakapunguzwe ukali, kisha akagonga mara mbili kujibu. Hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyobaki nayo mchana kutwa, na mwanamke aliyasubiri kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ikafika siku ya mavuno, kazi imepamba moto. Mama Sabuni alipanda ngazi ya tangi, spana mkononi, akatupa jicho bondeni. Mume alikuwa amepiga magoti katikati ya matete, anang'oa magugu, anaimba. Upepo ulimletea maneno mawili matatu, yakamtosha. Ulikuwa wimbo wao, wa ndani ya tangi, wimbo ambao nyumbani hajausikia kwa miaka, na leo anaimbiwa nani? Majani. Wivu ukampanda hadi machoni. Aliiweka spana chini, akafungua maji.

Haikupita wiki, matete yakawa ya kahawia na bonde likanuka hadi ofisini. Meneja akawaita wote wawili.

"Bomba liligongwa au halikugongwa?" akamuuliza Mama Sabuni.

Kabla hajafumbua mdomo, mume akadakia. "Liligongwa. Nilisikia, nikazubaa. Kosa ni langu."

Akageuka akamtazama mkewe, kwa utulivu, moja kwa moja usoni, kama alivyokuwa akitamani kutazamwa siku zote zile. Mama Sabuni hakuweza kuyastahimili macho hayo. Alitazama viatu vyake vya mpira.

Meneja hakumwaga unga wa mtu. Alimpeleka fundi mwingine bondeni kuyafyeka matete na kuyasubiri yachipue upya, na mume akarudishwa kuosha matangi pamoja na mkewe.

Basi alilolitaka akalipata. Asubuhi ya kwanza waliingia tangini, mmoja na brashi, mwingine na mpira. Mama Sabuni akaanzisha wimbo. Ukavuma vizuri kama zamani. Alipofika mahali pa kupokewa akanyamaza kumpisha, akasikia brashi tu ikikwangua. Nyumbani pia mume hakumgombeza wala kumnunia. Alisalimia, alikula, alishukuru.

Wakati wa magadi ulipofika, wakatoka nje. Mama Sabuni aliinama kuokota spana.

"Hiyo niachie mimi," mume akasema kwa upole.

Akaipokea mkononi mwake, akagonga mara tatu, kisha akatega sikio kwenye bomba hadi jibu lilipokuja kutoka bondeni.

"Haya," akamwambia, "sasa unaweza kufungua."