Maandishi ya Mlangoni mwa Pikapu

Mwanangu wa mwisho alikuwa anabeba mpunga kwa pikapu kutoka Lupiro kuja Ifakara. Siku aliyoinunua, kuukuu, imechoka, alichukua rangi iliyobaki kwenye madirisha ya nyumba yangu, akakaa juu ya ndoo na kuandika mlangoni: MAMA NAKUJA. Herufi N mbaya, imegeukia kinyume. Shule aliishia darasa la nne kama mimi, na brashi yenyewe ilikuwa ya kupakia ukuta. Nilijivuna mtaani kwetu Kibaoni kote. Mama gani mwingine alikuwa ameandikwa kwenye gari?

Homa ilimchukua kwa wiki moja. Pikapu ikabaki uani kwangu, na masika moja tu, maandishi yakaanza kubanduka.

Binti yake ni fundi wa kubandika stika za magari. Hulivalisha gari zima plastiki nyembamba yenye gundi, hata usijue rangi yake ya kwanza. Akaniletea kipande cha ile isiyo na rangi, inayoonyesha kama kioo, tufunike mwandiko wa baba yake usipotee.

"Ila usiiguse, mke mwenza," akaniambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Rangi hii ilipakwa juu ya vumbi. Nataka kwanza nijue kama bado imeshika bati. Nikitoka kazini Mlimba nitaosha, nitapangusa kwa spiriti, nitajaribu pembeni kidogo."

"Kwani ni upasuaji?"

"Afadhali upasuaji. Mgonjwa wako huyu hasemi akiumia."

Tukacheka.

Misa ya kutimiza mwaka tangu mwanangu afariki ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi mjukuu akapiga simu: kazi ya Mlimba haijaisha, atatukuta kanisani. Nikaona aibu. Pikapu ndiyo ingewabeba kina mama wa jumuiya, na mlango umejaa magamba. Nikajiambia, nimevalisha madaftari ya watoto sita nailoni, nimepiga pasi majoho ya kwaya, leo plastiki ndiyo initishe?

Nikaita majirani wawili. Tukaosha mlango kwa sabuni ya mche. Mmoja akapaka mafuta ya nazi kuzunguka maandishi, bati ling'ae, kama tunavyompaka mtoto anayepelekwa kubatizwa. Tukabandika palepale uani, mashine ya kukoboa ya jirani ikitupulizia pumba. Pembeni ikakataa kushika. Katikati ikatoa vipovu, na pumba ndani yake. Nikatia mkaa kwenye pasi, nikatandika kanga juu ya stika, nikapiga pasi. Vipovu vikazidi.

"Mama, iache hivyohivyo," jirani mmoja akasema. "Mjukuu wako ataitengeneza."

"Akute nimeshindwa?"

Nikashika ncha, nikavuta kwa nguvu, kama unavyochuna mbuzi. Rangi ilikuwa imelainika kwa moto wangu. Maneno yote yakaja na plastiki. Mlangoni likabaki bati lenye kutu. Nikataka kuinyoosha ile plastiki, ikajikunja, gundi ikashikana na gundi. Nikiivuta huku, herufi inachanika kule. Majirani wakakusanya vitu vyao, hakuna aliyeniaga.

Kesho yake, nje ya kanisa, mjukuu aliweka kiganja kwenye lile bati.

"Nani alibandika?"

"Mimi."

"Nani akabandua?"

"Mimi."

"Vipovu si kitu, bibi. Ningevitoboa kwa sindano. Na kama ungeviacha tu, baba angekuwa bado yumo humo ndani."

Hakunigombeza. Heri angenigomba. Alinishika mkono, tukaingia, na jina la mwanangu liliposomwa sikuweza kuinua uso.

Siku hizi mtu akija kumuuliza mjukuu bei ya stika, akasema ataibandika mwenyewe nyumbani, namwambia njoo hapa, namwonyesha mlango. Wengine hucheka. Mjukuu ameomba mara tatu aandike upya maneno ya baba yake. Nimemkatalia. Anaandika vizuri sana, lakini mwandiko si wa mwanangu.